Mdogo wangu yuko kwenye methadoni, kaanza dawa za TB na arosto imerudi. Ndiyo karudia unga?

DadaMkubwa

Assalaam alaykum. Nimejiandikisha leo kwa swali hili tu, naomba mnijibu kama mnavyomjibu dada yenu, msinipige madongo.

Mdogo wangu ana miaka 31. Unga (heroini) kautumia miaka minane, mwanzo wa kuvuta, mwisho wa kujidunga. Ya miaka hiyo minane sitayaeleza, wenye teja ndani ya nyumba wanayajua: televisheni, mtungi wa gesi, kanga za mama mpya ambazo hata pindo hazijashonwa. Mwaka jana mwezi wa tatu akaanza methadoni, ile dawa ya kunywa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga, na hapo ndipo nilipomuona mdogo wangu tena. Kila siku saa moja asubuhi anakwenda, anakunywa kikombe chake mbele ya mtoa dawa, anarudi na maandazi, saa tatu yuko gereji ya mapikipiki kule Mombasa (Mombasa yetu ya hapa mjini Unguja, si ya Kenya). Dozi ilipandishwa taratibu mpaka miligramu 80, ikatulia hapo. Mama alishaanza kuacha simu yake juu ya meza.

Wiki kama tano nyuma akaanza kikohozi kisichokwisha. Makohozi yakapimwa, TB. Akaanzishiwa vile vidonge vyekundu vyenye dawa nne ndani ya kimoja. Siku za mwanzo hakuna neno. Kufika siku ya tisa au ya kumi, Magharibi namuona anapiga miayo mfululizo, machozi yanamtoka na hali halii, pua inachuruzika. Usiku halali. Shuka lake asubuhi unaweza kulikamua. Nikasema TB hiyo, si ndiyo inatoa jasho? Lakini TB haimsimamishi mtu malaika mikono mizima akawa kama kuku aliyenyonyolewa, wala haimfanyi arushe miguu kitandani usiku kucha. Arosto, yale mateso ya mwili uliokosa unga, mie naijua, nimeiuguza kwa mikono yangu.

Akishakunywa methadoni anakuwa mzima mpaka kama saa nane mchana, halafu inaanza upya. Yeye neno lake ni moja: "Dada, dawa haifiki." Anaapa hajagusa kitu. Usiku wa juzi nimeingia chumbani na tochi ya simu, amelala, nikamtazama mikono na miguu. Makovu ya zamani tu. Nikatoka kinyumenyume najiona mwizi.

Jana sasa, mama kakuta choo hakijamwagiwa maji, mkojo mwekundu umekaa. Kelele alizopiga zilisikika mpaka dukani: mtoto anajidunga mpaka anakojoa damu. Simu imerudi kulala ndani ya pipa la mchele. Ami yetu kaitisha kikao Ijumaa baada ya Swala, anataka atoke nyumbani. Maneno yake ni kwamba alibadilisha kete ya unga kwa kikombe cha methadoni, na sasa anavyo vyote viwili.

Na jengine ambalo labda ndilo kosa. Kule kwenye TB hakusema kama anakunywa methadoni, kwa sababu nesi wa pale ni jirani yetu na mdomo wake tunaujua. Na kule kwenye methadoni hakusema kama ana TB, kaogopa watamtenga na wenzake kwenye foleni. Kote kumekaa kimya.

Mtu anaweza kushikwa na arosto na hali anakunywa methadoni kila siku bila kukosa? Au mdogo wangu ananichezea? Ijumaa nataka nijue nasimama upande gani.

Mkunguni

Dada pole sana. Mie niko safi mwaka wa sita, nimetokea soba hausi, nyumba ya kuachia unga, kwa mpango wa hatua kumi na mbili, bila kikombe. Sina ugomvi na wanaokunywa, ila hiyo kwangu ni pingu ya plastiki. Kila asubuhi uende, safari huna, na siku ukiiacha arosto yake ni ndefu kuliko ya unga. Halafu hili la "dozi haifiki", mie nilikuwa teja, lugha hiyo nimeizungumza. Mpimeni mkojo, majibu yatasema yenyewe.

MzeeWaKikombe

Waalaykum salaam mwanangu.

Kwanza kamwambie mama yako ashushe pumzi. Ule si damu. Ni ile dawa ya rifampisini iliyomo ndani ya kidonge. Inapaka rangi mkojo, jasho, hata machozi. Kanzu yangu nyeupe ya Ijumaa iliingia rangi ya chungwa makwapani na mke wangu akaifua mara tatu akidhani nimeegemea ukuta uliopakwa rangi.

Pili, jibu la swali lako: ndiyo, inawezekana, na mimi yamenipata vivyo hivyo alivyoeleza mdogo wako, mpaka saa.

Mimi ni mtu wa brauni ya zamani, ile ya kuvuta, kabla vijana hawajaingia kwenye sindano. Methadoni nimeanza 2015, mwaka ulioanza pale hospitali ya Kidongo Chekundu. Muhimbili walishatutangulia miaka minne, na sisi wa Unguja wenye ndugu Dar tulikuwa tunaisikia kama hadithi. Nikatulia kwenye 90. Mwaka 2018 nikapata TB. Wiki ya pili ya vidonge, alasiri ikifika mifupa inaniuma kama mtu aliyebebeshwa magunia ya karafuu. Nikajua kwa yakini kabisa: wananitilia maji. Nikaenda dirishani, nikamtolea maneno yule binti anayetoa dawa ambayo mpaka leo nikimuona nainamisha kichwa. Yule binti hakujibu tusi hata moja. Kaniuliza tu, "Baba, kuna dawa nyengine unakunywa siku hizi?"

Basi. Swali lile moja. Na mimi nilikuwa sijamwambia mtu, kwa aibu hiyo hiyo ya mdogo wako.

Daktari akanipandisha, kidogo kidogo, anapandisha, anasubiri siku kadhaa, ananiuliza, anapandisha tena. Nilifika 130 ndipo usingizi ukarudi. Usiichukue namba hiyo ukampa mdogo wako, kila mwili na wake. Methadoni haitaki pupa. Inajikusanya mwilini siku hata siku, na ukipandisha leo, nguvu yake kamili utaiona baada ya siku nne tano. Mwenye haraka anazidisha asijue kazidisha.

Sasa kuna jambo ambalo mimi nililijua kwa ajali. Dawa za TB zilipokwisha, miezi sita, nikafurahi, nikazigawa habari njema mtaa mzima. Kule kwenye methadoni sikusema. Nikabaki na 130 yangu. Wiki ya kwanza nzuri. Wiki ya pili nimepanda gari ya 502 nishuke Mtoni, nikaja kuamshwa na konda Bububu mwisho wa njia, kanipiga kofi la shavu, anasema "mzee nilidhani umetutoka." Usiku ule mke wangu hakulala, anasema nakoroma mkoromo wa mtu anayezama, unakatika, kimya, halafu unaanza tena. Asubuhi kanishika mkono mwenyewe kunipeleka. Wakanipunguza siku ile ile. Hapo mwanangu ndipo watu wanapofia, wakati familia imeshatulia, inadhani yamekwisha.

Mkunguni, yakhe, hongera kwa miaka sita, nasema kwa dhati. Na pingu umesema kweli. Nilikwenda Wete kumzika mama yangu mkubwa bila kuwaambia watu wa kliniki, nikakaa siku nne. Niliporudi wakanikata dozi nusu, maana mwili umeshaisahau, wakaanza kuipandisha upya. Nilizila wiki nzima. Lakini soba hausi na mimi nimeingia mara tatu. Mara ya tatu nilitoka na mwenzangu mmoja, tumekaa miezi minne tuko wasafi, tumenenepa. Yeye alirudi maskani, kijiweni kwa mateja, siku ya pili, akajidunga kiasi kile kile alichokizoea zamani. Mwili haukukizoea tena. Tulimkuta asubuhi nyuma ya banda la mbao, kandambili zake amezivua na kuzipanga vizuri ubavuni kama mtu aliyeingia msikitini. Kwa hiyo pingu hii mimi naivaa.

Mkunguni

Mzee nimekusikia. Neno la pingu nabaki nalo lakini sikulitoa kwa kejeli. Habari za TB sikuzijua, wallahi.

MfamasiaWaZamu

Nimesoma kuanzia juu. Niko duka la dawa sasa hivi na hakuna mteja, naeleza kidogo kwa nini alichosema mzee ni sahihi.

Methadoni inavunjwavunjwa na ini. Kwa mtu wa kawaida ini linakwenda nayo polepole, ndiyo maana kikombe kimoja kinamshika siku nzima na ziada, wakati unga humwacha mtu baada ya saa chache akautafute tena. Rifampisini inalichochea ini lifanye kazi hiyo kwa kasi kubwa. Methadoni aliyokunywa saa moja asubuhi, iliyokuwa ikimfikisha kesho yake, inakuwa imeshamalizwa mapema. Kikombe ni kile kile na dawa ni ile ile, ila haikai. Kusema "haifiki" ni maelezo sahihi kuliko mengi ninayoyapata dirishani kwangu. Uchochezi huo hauji siku moja, unajijenga ndani ya siku kadhaa mpaka wiki mbili, ndiyo maana siku za mwanzo mlimuona mzima. Na ukiacha rifampisini, ini linarudi mwendo wake taratibu, wiki mbili hivi, ndipo dozi kubwa inapogeuka sumu kama ilivyotaka kumfika mzee kwenye gari.

Wala si jambo jipya. New York, ambako Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kutibu watu kwa methadoni miaka ya 1960, madaktari waliliandika hili la rifampisini 1976. Dada, wakati huo wewe hujazaliwa.

Kuhusu kupima mkojo: kipimo cha kawaida cha kutafuta morfini, ambacho ndicho kinachomkamata mtumia unga, hakionyeshi methadoni. Methadoni ina kipimo chake. Lakini angalieni, baadhi ya vipimo vya haraka vinapotoshwa na rifampisini yenyewe, vikasema mtu katumia na hali hakutumia. Kwa hiyo msinunue kipimo mkamhukumu nacho barazani. Wakapime wanaojua anakunywa nini. Na hata kama kapimwa kweli kaonekana katumia, bado haimaanishi alidanganya kuhusu arosto. Mtu mwenye arosto ndiye anayekwenda kununua.

Mambo ambayo nakuomba usiyaache mpaka Ijumaa:

Asiache vidonge vya TB. Najua atashawishika, maana akiviacha methadoni itashika tena. TB iliyokatishwa inaweza kurudi sugu, na dawa za TB sugu baadhi yake zinagusa mapigo ya moyo, na methadoni nayo inagusa huko huko. Hutaki kumuona hapo.

Asijiongezee mwenyewe. Si kete, si valiamu ya kupewa na mwenzake ili alale, si pombe. Valiamu juu ya methadoni inampumzisha mtu asipumue.

Kesho asubuhi chukua pakiti ya vidonge vya TB, yenyewe, si jina uliloliandika kwenye karatasi, nenda naye, iweke dirishani. Kadi ya TB pia. Kuhusu kutengwa: mtu akishakunywa dawa wiki kama mbili na zinamkubali, kuambukiza kunapungua sana, lakini wanatakiwa wajue ili wamkalishe penye hewa, wampe barakoa. Kuficha ndiko kunakowahatarisha wenzake wa foleni.

Na kule TB akawaambie vilevile. Akipimwa na virusi vya UKIMWI akakutwa navyo (sisemi anavyo, TB na virusi huangaliwa pamoja), kuna dawa za ARV kama efavirenzi zinazofanya mchezo huo huo wa kuishusha methadoni, na dolutegraviri haifanyi, ingawa nayo rifampisini inaishusha. Nesi jirani au si jirani, kadi ile lazima iandikwe. Kama anaogopa mdomo wake, amuombe daktari wazungumze chumbani mlango umefungwa.

KijanaWaPemba

Naomba kuuliza hapo hapo, hivi methadoni mtu anakunywa mpaka lini? Kaka yangu ana mwaka wa tatu, mama kila siku anauliza "bado tu?"

MzeeWaKikombe

Mama yako anauliza vizuri, ila muulize na yeye vidonge vyake vya presha anamaliza lini.

Wapo walioshuka taratibu, miligramu chache chache kwa miezi na miezi, wakatoka na wako salama. Wapo kama mimi ambao hatujatoka na hatuna haraka. Mimi nikiulizwa nasema nitatoka nikichoka kutembea asubuhi. Anayetoka kwa sababu mama kauliza, huyo humkuta maskani.

DadaMkubwa

Nimerudi, samahani kwa kuchelewa, nilikuwa sina uso wa kuandika.

Usiku ule ule nilimsomea mdogo wangu maneno yenu, yote, na la Mkunguni pia. Nilipofika kwenye zile kandambili za rafiki wa mzee alinyanyuka akatoka nje. Aliporudi akaniambia: Jumamosi alinunua kete moja. Alivuta, hakujidunga. Anasema alikaa na ile hela mfukoni tangu Alasiri mpaka baada ya Isha, mifupa inamuuma, na kila akitazama saa inaonyesha bado saa kumi na moja za kusubiri kikombe.

Nilikasirika. Nisiseme uongo. Nilimwambia si umeniapia? Akasema, "Nimeapa Ijumaa, nimenunua Jumamosi." Nikacheka bila kutaka, halafu nikalia.

Asubuhi tulikwenda wote na pakiti ya vidonge ndani ya mkoba wangu. Nilikuwa nimejitayarisha na hotuba nzima, sikuitumia. Daktari kaishika pakiti, kaigeuza upande wa nyuma, kasoma, kamuuliza "tangu lini?" Mdogo wangu kahesabu kwa vidole. Akaambiwa habari ya kete aiseme na yeye akaisema, na hakufukuzwa. Wamempandisha mpaka 90 kwanza, wakasema aonekane tena baada ya siku chache. Juzi 100. Bado Magharibi anapiga miayo lakini usiku wa jana amelala mpaka adhana ya Alfajiri, na shuka lilikuwa kavu, nililipapasa kwa makusudi.

Kule TB alizungumza na daktari mlango umefungwa. Nesi jirani alikuwa nje anatia namba kwenye daftari. Kesho yake kanikuta dukani kaniuliza hali ya mama, basi, hakusema la ziada. Pengine tulimdhania vibaya, pengine bado.

Kikao Ijumaa kilifanyika. Nilimweleza ami habari ya ini na rifampisini nikaona macho yanamtoka kwa kuchoka. Nikaacha ini, nikamchukua mpaka chooni nikamuonyesha mkojo wa mdogo wangu wa asubuhi na kidonge chenyewe kiganjani, nikakitia maji kidogo kikaanza kuacha rangi. Ami kakitazama muda mrefu. Akasema mtoto abaki mpaka dawa za TB ziishe, baada ya hapo "tutaona." Hajamsalimia mpaka leo, lakini sahani yake ya wali haitengwi kando tena.

Mzee, nimefanya jengine kwa sababu yako. Kwenye kalenda ya jikoni nimehesabu miezi sita ya TB nikafika tarehe ya mwisho, nikaizungushia duara la kalamu nyekundu, na wiki mbili za baada yake nikazipiga mistari yote. Pembeni nimeandika: "Dawa zimekwisha. Waambie wapunguze. Sikiliza mkoromo."

Mama kaisoma jana anapika, kaniita, kaniuliza hitima ya nani hiyo.